Daftari la Hajati: Benki Ilipoteremka Banda

Lilikuwa daftari la jalada gumu, jeusi, lenye kurasa zilizopigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, kisha namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, na mwisho sahihi. Lilikaa juu ya meza ya mbao ndani ya kibanda cha manjano pale Banda, chini ya kilima cha Chuo Kikuu cha Kyambogo, yapata kilomita 8 kutoka katikati ya Kampala kwa barabara ya Jinja. Nimetia sahihi katika madaftari ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, moja likijaa na kufuatwa na jingine. Yote yamo ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha mwenyewe.

Mwenyewe tulimwita Hajati. Ni Mnubi wa Bombo, na Kiswahili alikirithi kwa baba yake aliyekuwa askari. Mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa. Nilipofika Kampala nilikuta watu wengi wakikionea shaka Kiswahili, maana masikioni mwao kilikuja pamoja na magwanda na bunduki. Kwa hiyo siku ya kwanza niliponunua vocha na kuisikia sauti ya mama mtu mzima ikiniuliza, "Umeamkaje, mwanangu?", nilikaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Hapo benchini ndipo nilipojifunza yote ninayoyajua kuhusu mashindano ya benki na kampuni za simu. Nimesoma pia sheria na magazeti, lakini daftari lilitangulia kunifundisha.

Nilifika Agosti 2008 kusomea ualimu. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga kwa jina: kiliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu zilizokuwa pale kilimani, ya walimu, ya ufundi na ya elimu maalumu. Nyumbani nilikotoka, pesa za simu zilikuwa zimeshazoeleka. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kaka yangu alikuwa akimtumia bibi yetu wa Malindi pesa akiwa amesimama kwenye foleni ya feri. Nilipovuka mpaka wa Busia, ni kama nilirudishwa nyuma miaka mingi. Baba alitia noti ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akampa kondakta wa basi. Mimi niliamka alfajiri kwenda mjini kuisubiri. Mara moja bahasha ilifika gundi ikiwa mbichi na noti zikiwa pungufu. Kondakta aliapa, nami sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Wazee wetu wa pwani walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pesa ikishafika, kulikuwa na safari ya pili, ya kulipa ada. Nakumbuka foleni ya benki moja mjini iliyoanzia kwenye kaunta, ikatoka mlangoni, ikazunguka ukuta. Nilifika saa mbili asubuhi, nikahudumiwa saa tisa alasiri, nikaondoka na kipande cha karatasi chenye mhuri ambacho nilikilinda kuliko pasipoti yangu. Katika saa zote saba, hakuna mtu wa benki aliyetuangalia usoni mpaka zamu yetu ilipofika. Sisemi hivyo kwa chuki. Karani alikuwa amechoka, nasi tulikuwa wengi. Lakini nilijua siku ile kwamba nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya watu wenye noti chache na haraka nyingi.

Machi 2009 MTN ikazindua huduma yake ya pesa za simu nchini Uganda. Hajati alikuwa akiuza vocha za kukwangua, mandazi na maji ya chupa. Akajaza fomu, akapewa mafunzo ya siku moja, kibanda kikapakwa rangi ya manjano, daftari jeusi likafunguliwa ukurasa wa kwanza. Jioni ile alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, wewe umetoka Kenya, mambo haya unayajua. Mtu ananipa noti, mimi namtumia namba. Pesa yenyewe iko wapi?"

Lilikuwa swali la mtu aliyeungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, benki kadhaa za Uganda zilifungwa zikifuatana, na Hajati alikuwa na akiba yake katika moja kati ya hizo. Alikwenda asubuhi akakuta askari mlangoni na tangazo limebandikwa kwenye kioo. Alirudishiwa baadaye, tena kwa kuzungushwa sana, na tangu siku hiyo pesa yake ilikaa ndani ya nyumba au ndani ya bidhaa. Benki, alisema, ni nyumba inayoweza kukufungia mlango ukiwa nje na pesa yako ikiwa ndani.

Nilimweleza nilivyojua. Kampuni ya simu haikuruhusiwa kuchezea amana za watu. Kila shilingi iliyomo kwenye simu ilipaswa kuwa na shilingi mwenzake iliyolala katika akaunti ya dhamana benki, na kwa MTN wakati ule benki yenyewe ilikuwa Stanbic. Benki Kuu haikuwa na sheria ya pesa za simu. Ilitoa barua ya kutokuwa na pingamizi, na barua hiyo ilikwenda kwa benki mshirika. Hajati alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo benki niliikimbia kwa mlango wa mbele, nimerudi kwa mlango wa nyuma."

Nimesoma mengi tangu siku ile kuhusu benki kupokonywa wateja na kampuni za simu, na sijaona sentensi iliyofika ndani zaidi. Benki hazikupoteza pesa. Pesa zilikuwa kwao tangu mwanzo, zimelala kwa jina la kampuni ya simu. Walichopoteza ni watu. Walikuwa na lile fungu kubwa pale kwenye akaunti ya dhamana, lakini hawakumjua hata mmoja kati ya waliolichangia: hawakujua nani anamtumia nani, nani hupokea mwisho wa mwezi, nani huweka shilingi elfu mbili kila jioni. Hayo yaliandikwa kwenye mitambo ya simu, na kwenye daftari la Hajati.

Asiyewahi kukaa na wakala hawezi kujua ugumu wa floti. Hajati alikuwa na mtaji mmoja, lakini mtaji huo ulikaa mahali pawili: noti kwenye kisanduku na namba kwenye simu. Mteja akiweka, noti huongezeka na namba hupungua. Akitoa, kinyume chake. Chuo kinapofunguliwa wazazi hutuma, wanafunzi hutoa, na ifikapo saa nne asubuhi kisanduku ni kitupu na simu imejaa namba zisizoweza kununua hata mkungu wa matoke. Hapo Hajati hupanda boda boda kwenda benki Ntinda au Nakawa kubadilisha namba ziwe noti, kisha hurudi akiwa na pesa kifuani na hofu moyoni. Mimi ndiye niliyemlindia kibanda saa hizo, ndiyo maana najua. Wakala wa simu aliishi kwa kutegemea benki kila siku, miaka kabla benki haijajua kwamba yupo.

Mwaka 2010 nilifanya kosa langu la kwanza. Nilikuwa nikimtumia rafiki yangu shilingi 150,000, nikamsomea Hajati namba, na tarakimu moja nikaikosea. Pesa ikaenda kwa mtu tusiyemjua. Nilipiga simu ya huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki, nikaambiwa nisubiri siku kadhaa, halafu laini ikakatika. Hajati hakusubiri. Alipiga ile namba. Mzee mmoja wa Mbale akapokea. Wakasalimiana kwa Kiganda, wakaulizana habari za mvua, kisha akamweleza kwamba kuna kijana hapa amekosea na ada ya chuo ndiyo hiyo. Mzee akairudisha siku ileile, naye Hajati akamtumia ya chai kutoka mfukoni mwake. Nilitaka kumrudishia, akakataa.

"Pesa imepita mkononi mwangu," alisema. "Mimi ndiye wa kuulizwa."

Kumbuka maneno hayo, maana nitayarudia.

Nilimaliza chuo, nikapata kazi ya kufundisha Kireka, nikaendelea kupanga chumba kimoja Banda, kile wenyeji wanachokiita muzigo. Mwaka 2015 nilikwenda likizo Mombasa nikamkuta kaka yangu ameinama juu ya simu, ameshika kitu chembamba kama ganda la kitunguu. Benki ya Equity ilikuwa imechoka kuwa ghala la pesa za wengine. Kupitia kampuni yake tanzu ya Finserve ilipata leseni mwaka 2014 ya kutoa huduma za simu ikipanga kwenye minara ya Airtel, ikaiita Equitel. Ili mtu asilazimike kuacha laini yake ya zamani, ilileta ile laini nyembamba ya kubandikwa juu ya laini nyingine. Safaricom ilipinga, ikisema laini hiyo nyembamba inaweza kuhatarisha usalama wa miamala. Jambo likafika bungeni, na mamlaka ya mawasiliano ikaruhusu majaribio ya mwaka mmoja. Kaka yangu alifurahia ada ndogo. Alipotaka kutoa pesa, alitembea mitaa mitatu kutafuta wakala mwenye floti ya Equitel, akipita mbele ya vibanda vya M-Pesa saba. Jioni alirudi na kuniambia, "Bei ni nzuri. Lakini mtu wake yuko mbali."

Nilirudi Kampala na sentensi hiyo kama zawadi kwa Hajati. Nilimuuliza: mbona benki za Uganda hazifanyi kama Equity? Jibu nililipata kwenye sheria. Sheria ya Taasisi za Fedha ya mwaka 2004 haikuipa benki nafasi ya kuhudumia watu kupitia wakala wa mtaani. Benki ilibaki ndani ya tawi lake. Kampuni ya simu, kwa kuwa haikuwa benki, haikufungwa na masharti hayo. Kwa hiyo mmoja alikimbia kwa miaka saba huku mwenzake amefungwa miguu, na waliotazama kwa mbali wakadhani ni uvivu.

Kisha ikaja Februari 2016. Alhamisi ya tarehe 18, siku ya uchaguzi mkuu, niliamka nikakuta mitandao ya kijamii imezimwa, na pesa za simu nazo zimezimwa. Mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imeagiza, kwa sababu za usalama. Siku zilizofuata zilikuwa ngeni. Mabenki yalikuwa yamefunga kwa uchaguzi na wikiendi. Wanafunzi waliobaki kwenye hosteli walikuwa na pesa kwenye simu na njaa tumboni. Waliiona pesa, waliijua hesabu yake, lakini haikutoka.

Hajati alifungua kibanda kama kawaida. Hakuwa na mtandao, alikuwa na daftari na noti kidogo za akiba. Akaanza kuwaandika: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Alimpa huyu elfu tano na yule elfu kumi, wa chapati, wa dawa, wa maji. Hakumpa kila mtu. Alifungua madaftari ya nyuma, akatafuta jina, akaona mtu huyu amekuja mara ngapi na tangu lini. Waliokuwa mle walipata. Mgeni alihitaji mwenzake wa kumsimamia. Kurasa mbili nzima zilijaa. Jina langu liko ukurasa wa pili, mstari wa nne, shilingi 30,000.

Mitandao iliporudi, watu walikuja kulipa mmoja mmoja, naye akapiga mstari mwekundu kwa rula juu ya kila jina. Wawili hawakurudi. Aliyaacha majina yao bila mstari, bila tusi. Nilielewa wakati huo kwamba tulichokiita mtandao wa pesa kilikuwa na tabaka mbili. La juu ni la minara na mitambo, na linaweza kuzimwa kwa barua moja. La chini ni la watu wanaojuana, na hilo ndilo lililotulisha.

Mwaka huohuo ile Sheria ya Taasisi za Fedha ilirekebishwa, na kanuni za uwakala wa benki zikatoka 2017. Mwaka 2018 chama cha mabenki kikaanzisha mfumo wa pamoja ili wakala mmoja aweze kuhudumia wateja wa benki nyingi. Minyororo ilikuwa imefunguliwa, lakini watu walikuwa wameshazoea manjano na nyekundu za kampuni za simu. Kilichowasukuma kwa benki kilitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia.

Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu: ukiweka, ukituma, ukitoa. Kibandani ilikuwa kama msiba. Wateja walimgombeza Hajati kana kwamba yeye ndiye waziri wa fedha. Mjini watu waliandamana. Kabla ya mwaka kwisha kodi ilipunguzwa ikawa asilimia 0.5, na kwa kutoa tu. Bado, aliyetoa shilingi milioni 1 aliacha 5,000 za kodi juu ya ada ya kawaida. Na kodi hiyo ilishika pesa za simu peke yake. Aliyetoa kwa wakala wa benki hakuikuta.

Ndipo kijana wa benki alipoteremka Banda. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu, begani amebeba mfuko wenye mashine ya kutolea risiti. Alimsalimia Hajati kwa heshima, akapiga goti kidogo kama Waganda wanavyofundishwa, ingawa wanaume wa mjini wengi wameshaacha. Akaeleza faida. Hajati akamuuliza maswali matatu. La kwanza: mtaji wangu ni mmoja, nikiugawa mara tatu, utatosha nini? La pili: kampuni ya simu itaniruhusu? La tatu: mashine ikikwama saa tatu usiku na mteja amesimama hapa, nitampigia nani?

La kwanza kijana alilijibu vizuri. Pesa ambazo wateja wa simu wanakuletea na kukujazia kisanduku, alisema, utaweza kuzitumia kuwalipa wateja wa benki wanaokuja kutoa, na kinyume chake. Hutapanda tena boda boda kila siku. Ilikuwa kweli. Washindani wawili waliogombana kwenye matangazo ya barabarani walisaidiana ndani ya kisanduku kimoja cha Hajati: mmoja akikauka, mwenzake anamwagilia.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mawakala walikuwa na hofu ya kweli. Kampuni ndogo iitwayo EzeeMoney ilikuwa imeishtaki MTN kwa kuwazuia mawakala wasifanye kazi nayo, na mwaka 2017 Mahakama ya Biashara ya Kampala iliamuru ilipwe shilingi bilioni 2.3. Hukumu hiyo ilisomwa kwenye redio, na mimi ndiye niliyemtafsiria Hajati. Kanuni za uwakala wa benki nazo hazikutaka wakala afungwe kwa bwana mmoja. Akaridhika.

La tatu, kijana alitoa kalamu akaandika namba yake mwenyewe kwenye ukuta wa mbao, nyuma ya mlango. "Nipigie mimi, mama."

Hajati akatia sahihi, si kwa sababu ya mashine, kwa sababu ya ile namba ukutani.

Ndani ya miezi michache niliyaona mageuzi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akitoa pesa nyingi, alihamia upande wa benki kukwepa kodi. Mimi na walimu wenzangu wa Kireka tuliacha kwenda mjini kufuata mishahara. Wauza chapati waliendelea na simu, kwa kuwa wateja wao walikuwa huko. Na wazazi wa wanafunzi walitumia njia zote mbili, kutegemea siku na bei. Kwenye benchi lile nilijifunza kwamba ushindani una faida kwa mnyonge pale tu anapoweza kuinuka upande mmoja na kukaa upande wa pili bila kuomba ruhusa. Bei hushuka kwa sababu mteja anaweza kuondoka. Mfungie mteja, au mfungie wakala wake, na washindani hata kumi hawatamsaidia kitu.

Baada ya miezi kadhaa kijana alihamishiwa tawi la mbali. Namba ukutani ikabaki, haipokewi. Aliyemrithi hakuwahi kuteremka, alituma ujumbe. Mashine ilipokwama, Hajati alisikilizishwa muziki uleule nilioujua tangu 2010.

Mwanzoni mwa muongo huu benki ziliingia ndani zaidi ya uwanja wa simu. Stanbic, ileile iliyokuwa imeshika dhamana ya mpinzani wake, ilileta FlexiPay, pochi ya simu isiyohitaji mtu kuwa na akaunti ya benki na isiyojali laini yake ni ya kampuni gani. PostBank ikaleta Wendi, jina ambalo kwa Kiganda linasikika kama "nilipo". Kupitia hiyo, fedha za mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, shilingi milioni 1 kwa kaya, zikaanza kuwafikia wakulima wa vijijini, akiwemo mpwa wa Hajati kule Luweero. Kampuni za simu nazo, chini ya Sheria ya Mifumo ya Kitaifa ya Malipo ya mwaka 2020, zililazimika kuitenga biashara ya pesa katika kampuni tanzu zinazosimamiwa na Benki Kuu. Benki ikawa kama simu, simu ikawa kama benki, na mpaka uliokuwa mtaro ukabaki alama ya chaki.

Lakini mahali wanapokutana pana shimo, nami nilitumbukia humo.

Ilikuwa usiku, mwaka 2022. Tulipata habari ya msiba Iganga, kwa wakwe zangu. Gari la kukodi lilitakiwa kuondoka saa kumi alfajiri na dereva alitaka malipo kwanza: shilingi 600,000. Nilikuwa nazo kwenye akaunti ya benki. Nikazihamisha kwenda kwenye simu. Ujumbe wa benki ukaja: zimekatwa. Ujumbe wa simu haukuja. Nikasubiri dakika kumi, nusu saa. Nikapiga simu benki. Wakasema zimeshatoka, waulize kampuni ya simu. Nikapiga kampuni ya simu. Wakasema hazijafika, rudi benki. Nikarudi benki, nikapewa namba ndefu ya lalamiko. Kila mmoja alisema kweli kwa upande wake. Hakuna aliyesema, "Mimi ndiye wa kuulizwa."

Saa tatu usiku nilikuwa kwenye benchi la Hajati. Alinitazama usoni akajua. Nilipomaliza kueleza, aliniuliza lile swali la mwaka 2009, polepole:

"Sasa, mwanangu, pesa yenyewe iko wapi?"

Miaka kumi na mitatu nyuma nilimjibu kwa ufasaha. Safari hii sikuwa na jibu. Haikuwa benki, haikuwa kwenye simu, haikuwa mfukoni mwangu. Hajati hakungoja nilitafute. Alihesabu noti, akaongeza nyingine kutoka ndani ya kitenge chake, akafungua daftari: tarehe, jina, kiasi. Nikatia sahihi. Tuliondoka saa kumi, tukawahi kuzika.

Siku ya tatu zile 600,000 zilirudi kwenye akaunti bila maelezo, kama mtu aliyetoka safari asiyetaka kuulizwa alikokuwa. Nilizitoa kwa mashine ileile ya benki pale kibandani, nikamkabidhi. Hajati akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari.

Nimewasikia wataalamu wakijadili nani atashinda, benki au kampuni ya simu. Benki zina mtaji, zina leseni, zinaweza kukopesha. Kampuni za simu zina minara na mazoea. Ada zitaendelea kushindanishwa, na hilo ni jema. Kila shilingi mia inayobaki mkononi mwa mwanafunzi ni chapati. Lakini mimi niliyemlindia Hajati kibanda nina neno moja kwa wote wawili. Anayepokea pesa ya mtu aibebe dhamana yake mpaka ifike. Asimrushe mteja ng'ambo ya shimo na kumwambia aulize upande wa pili. Benki ikipokea agizo langu, iniulizie yenyewe kwa kampuni ya simu. Kampuni ya simu nayo ifanye vivyo hivyo. Hilo halihitaji mtambo mpya. Linahitaji mtu mwenye jina, kama yule kijana wa viatu vya vumbi, na mwajiri atakayemwacha pale watu wanapomjua, au akimwondoa, amlete mrithi wake kwa miguu na kumtambulisha.

Na wakala asihesabiwe kuwa tundu la ukutani ambamo pesa hupita. Yeye ndiye anayesimama kati ya mtambo na binadamu, anabeba hatari ya kuibiwa, anabeba matusi ya kodi asiyoitunga, na mitambo inapozimwa anabeba njaa ya mtaa mzima. Benki inayotaka kushindana na simu Uganda, Kenya au popote pengine, ianze kwa kumtunza huyo: malipo yake, usalama wake, na simu itakayopokewa usiku.

Juzi nilimsaidia Hajati kupanga sanduku lake. Risiti za mashine, zile karatasi laini za miaka ya mwanzo, zimefifia. Nyingi zimekuwa nyeupe kabisa, hujui zilikuwa za nani. Tukafungua daftari la 2016. Wino umesimama. Majina yote yanasomeka, na mistari myekundu, na yale majina mawili yasiyo na mstari. Nilimuuliza kama niyafute sasa, miaka imepita.

"Yaache," alisema. "Wakirudi, watakuta nawajua."